Kwa Mzee Aliyefunga Folda Moja Moja

Mzee wangu,

Shuleni Ikonge tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikijaribu kukuuliza hali, nimeshindwa. Basi acha nianze na ya huku. Mkeo, Mama Nilesh, anaendelea, ingawa amekonda. Duka liko wazi. Mvua imerudi, na umeme unakatika mchana kama ulivyouacha. Mimi ni mzima.

Ungekuwa na kaburi ningekuja kuongea nawe huko. Kwetu mtu akifa anazikwa nyumbani kwake, na siku ukimkosa sana unatoka nje, unasimama pale kidogo hata kama huna la kusema. Wewe ulifia Kisumu hospitalini, wakakuchoma huko huko kwa desturi ya kwenu, majivu yakapelekwa majini. Nilipofika dukani kila kitu kilikuwa kimekwisha. Nilikuta watu wamevaa nyeupe wameketi sakafuni, Mama Nilesh akanishika mkono nikakaa kando yake. Hata udongo kidogo sikukutupia. Kwa hiyo nakuandikia, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu wawili. Hakikuwa cha mama yangu wala cha mama yako. Tulikutana nacho katikati, tukakosea pamoja.

Nilikuja kwako na cheti cha kupiga chapa, nikitafuta kazi ya kuwaandikia watu barua zao. Wewe ulikuwa umezungukwa na taipureta zilizofunguliwa matumbo na redio za watu, na mbele yako kitabu kinene cha kompyuta ambacho mwanao Nilesh alikutumia kutoka Nairobi. Uliniuliza jina. Nikasema Bosibori. Ukalirudia lote, pole pole, mpaka ukalipata sawasawa. Watu wengine wote pale mjini Kisii waliniita "wewe msichana." Nadhani nilianza kukupenda kama baba siku hiyo, kabla hata hujaniambia kama kazi ipo.

Halafu Daktari Nyanchama akaja na mradi wake. Unamkumbuka alivyoingia, mwavuli unachuruzika, anaongea kabla hajafika kaunta. Walikuwa wamefungua ofisi Nyamira ya kuchunguza afya ya akina mama wajawazito na watoto wao. Kulikuwa na wanawake wa kutembea nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali, kulikuwa na nesi wa kupima damu, na kulikuwa na kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa waya na kompyuta moja kubwa kwenye kona. Programu ya kuhifadhi habari zote hizo ilikuwa imetoka ng'ambo. Daktari alitaka mtu wa kuiweka tayari. "Kazi ya wiki moja," alisema. Wewe ulivua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena. Nilikuwa nimeshakujua. Nilijua hiyo haikuwa ya wiki moja.

Sikuwahi kukuambia nilivyoichukia ile programu mwanzoni. Kila eneo lilikuwa na folda yake, ndani yake kila mama akawa na folda yake, na humo ndimo mlimokaa majibu yake, uzito wa mtoto wake na matokeo ya damu yake. Kwa kila folda programu ilitaka kuambiwa nani asome, nani aandike, nani asione kabisa. Ukimpa mtu mmoja ruhusa, inaanza kupita faili baada ya faili ikiiweka ruhusa hiyo, na ile saa ndogo ya mchanga, ya kukuambia ungoje, inageuka na kugeuka katikati ya skrini. Chai inapoa. Ukimaliza na huyo, unaanza na mwingine. Umeme ukikatika katikati, kila kitu kinapotea na unarudi mwanzo wa folda. Na mwaka ule ulikuwa mwaka wa Elnino, Mzee. Mvua haikungoja hata mchana. Ile betri ya chini ya meza iliyopaswa kushikilia umeme ilikuwa inalia mara mbili tatu kama kifaranga, kisha inazima.

Wewe ulikuwa unaangalia mawingu dirishani ndipo unaamua tuanze folda gani. "Hii ni kubwa, mvua itatupata njiani. Tuchukue ile ndogo."

Daktari alivumilia, kisha akachoka. Nakumbuka alivyosimama nyuma ya viti vyetu. "Mzee, wape wote kila kitu, waanze kazi. Tutafunga baadaye." Ukamwambia, bila kugeuka, "Daktari, kitu watu wameshaona, baadaye utafunga nini?" Akachukua mwavuli wake akatoka. Lakini hakutufukuza pia.

Na badala ya kuharakisha, wewe ukaongeza kazi. Uliwaita wale wanawake wa nyumba kwa nyumba mmoja mmoja, ukawapa kiti. Mimi nilidhani utawauliza kama wanajua kutumia kompyuta. Ukawauliza, "Umezaliwa wapi? Umeolewa wapi? Dada zako wameolewa wapi?" Kerubo, mmoja wao, akacheka mpaka akafunika mdomo, maana alidhani unamtafutia Nilesh mke. Daktari akasema, "Mzee, hii ni programu, si harusi." Ukasema, "Daktari, hapa Kisii ni kitu moja."

Baadaye ulinieleza tukila. Kerubo amezaliwa Ikonge na ameolewa Nyansiongo. Akiona folda za Ikonge, anaona dada zake na mashangazi zake. Akiona za Nyansiongo, anaona wake wa shemeji zake. Si mtu mbaya, ulisema, ila ataulizwa nyumbani, na mtu akiulizwa na mama mkwe kila siku, mwisho atajibu. Ni afadhali awe hajui. Na ulijua kilichokuwa kinapimwa katika ile damu. Sote tulijua, hata kama tulikuwa tunaita "ule ugonjwa" na kuangalia pembeni. Mwanamke angeweza kurudishwa kwao kwa neno moja lililotoka ofisini.

Ndiyo maana Kerubo alipewa akina mama wa upande mwingine kabisa, na hata hao akawaona majibu yao tu, bila damu. Na sisi wawili, tuliokuwa tunaweka ruhusa za kila mtu, ukasema tusijipe ruhusa ya kusoma chochote. "Sisi tunafanya kazi ya mlango. Ndani hatuna shughuli."

Ulikuwa unakula mboga za chinsaga za mama yangu uliposema hivyo. Alikuwa anazipika kwa maziwa mpaka uchungu unaisha, ananipa nikuletee kwa kuwa alisikia huli nyama na alikuhurumia sana. Hakuwahi kuamini kwamba mtu mzima anaweza kuacha nyama kwa hiari. Mpaka leo anauliza kama ulikuwa unashiba.

Nataka pia kukumbuka siku uliyokosea, kwa sababu nakupenda na hiyo siku. Ilikuwa mama mmoja ameletwa hospitalini amepungukiwa damu, na nesi alitaka matokeo yake ya awali. Akafungua folda, ikamkatalia. Tulikuwa tumemfungia nesi vile vile kama wengine. Tukaanza kumpa ruhusa, ile saa ya mchanga ikaanza kugeuka, na yule nesi amesimama, simu ya hospitali iko sikioni, anasema, "Bado, bado, inafunguka." Daktari akanyakua simu nyingine akapiga maabara Kisii wasome kwenye karatasi zao, na ndivyo yule mama alivyosaidiwa. Nilikuangalia, ulikuwa umelowa jasho. Ukasimama mbele ya Daktari na nesi ukasema, "Hapa nimekosa mimi. Nimefikiria mtu mbaya, nimesahau mgonjwa." Daktari alikuwa na maneno mengi tayari mdomoni, nikaona anayameza. Akakuvutia kiti. Tangu siku hiyo alikuwa anakaa nasi asubuhi kabla ya mvua, anakueleza nesi anahitaji nini na kwa haraka gani, na tukarudia folda zote za damu tangu ya kwanza. Sikulalamika. Sawa, nililalamika kidogo.

Nadhani ulikuwa mgonjwa tayari wakati huo. Ulikuwa unapanda zile ngazi za ofisi halafu unakaa, unajifanya unatafuta kalamu mfukoni. Mimi pia nikajifanya nakusaidia kutafuta.

Kuna asubuhi moja ulifungua ile sehemu ya neno la siri kuu, lile linaloweza kufungua na kufunga kila kitu, ukanivutia kibodi. Ukasema niandike neno jipya, langu mwenyewe. Nikakuuliza, "Na wewe utaingiaje?" Ukasema, "Nitakuomba." Kisha ukageuza uso ukaangalia dirishani. Mzee, mimi nilikuwa mtu wa kupiga chapa. Nilikuwa sijawahi kupewa hata ufunguo wa kabati. Nikakosea mara ya kwanza, na wewe ukaendelea kuangalia migomba ya watu huko nje kama ndiyo mara ya kwanza unaiona. "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Haya, tuangalie mawingu."

Wiki hiyo hiyo Nilesh akaja kukuchukua, akakupeleka hospitali Kisumu.

Ulinipigia simu mara moja kutoka Kisumu. Sauti yako ilikuwa mbali, na kulikuwa na sahani zinagongana nyuma yako. Nilitaka kukuuliza kifua chako kinaendeleaje, wewe ukaniuliza, "Mvua imeanza?" Nikasema bado. "Basi endelea, usipoteze saa na mimi." Nikaendelea. Laiti ningepoteza saa na wewe.

Aliyeniambia ni Daktari. Mama Nilesh alikuwa amepiga simu ofisini, akashindwa kusema, jirani akachukua simu akasema. Daktari alikuja akazima skrini yangu kwa mkono wake, na hapo nikajua. Alilia yeye kwanza. Tulikuwa tumebakisha folda zote za upande wa Nyansiongo.

Nitakuambia ukweli, baada ya kutoka kwa Mama Nilesh sikutaka kurudi Nyamira. Kile kiti chako kilikuwa pale. Lakini wale akina mama wa Nyansiongo walikuwa wanakuja tu, na damu zao zinaingizwa katika folda zilizo wazi. Nikarudi. Nikawaita wale wanaotembea nyumba za upande huo, nikawapa kiti, nikauliza, "Umezaliwa wapi? Umeolewa wapi?" Kwenye swali la pili nikainamisha kichwa mezani. Kerubo alikuwa mlangoni. Akaja akakaa kando yangu akauliza yeye, na mimi nikaandika. Daktari hakuniuliza hata siku moja nitamaliza lini.

Nilimaliza, Mzee. Siku ya folda ya mwisho jua lilikuwa kali, umeme ukawaka siku nzima, na hapakuwa na wa kumwambia.

Sasa nikuambie la Ombati, dereva wetu, kwa maana ndilo hasa nililotaka kukuambia.

Unajua Ombati ni mtu mzuri. Wakati wa Elnino, barabara ikiwa tope tupu, alikuwa ananifikisha mpaka mlangoni kwa mama yangu wala hanung'uniki. Siku moja watu wakiwa wametoka kwenda kula nikamkuta amekaa kwenye kompyuta ya nesi. Alikuwa anabonyeza, ile mashine inamkatalia. Hakuruka wala kujificha. Alinigeukia na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri, akasema mke wa ndugu yake ni mmoja wa akina mama wetu, amejifungua, na ndugu yake amesikia maneno sokoni. Anataka kumrudisha mke kwao. Kila jioni anamwuliza Ombati, "Wewe si unafanya kazi pale?"

"Nifungulie kidogo tu, Bosibori," akasema. "Nikiona yuko sawa, nimwambie ndugu yangu, nyumba itulie. Natafuta amani tu."

Nikamwambia, "Na ukiona hayuko sawa?"

Akaondoa mkono kwenye kibodi. Kisha akasema, "Huwezi, ama hutaki?"

Ingekuwa rahisi kusema siwezi. Programu ingebeba lawama. Lakini alikuwa amenibeba kwenye mvua miezi yote ile, sikuona kama anastahili uongo. Nikamwambia, "Naweza. Sitaki. Na sijui kilichomo, Ombati. Hata mimi mwenyewe sijajipa ruhusa." Nikamwambia mambo hayo ni ya yule mama na mume wake, na nesi yupo, waje wote wawili wakae naye. Akasimama, akachukua funguo za gari, akatoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo alinibeba bila kuniambia neno. Nilikuwa nakaa kiti cha nyuma naangalia kisogo chake, najiuliza kama nimevunja nyumba ya watu kwa ukaidi tu. Ningekuwa na wewe ningekuuliza. Nilikuuliza, kweli, kimoyomoyo, kule nyuma ya gari.

Halafu asubuhi moja Ombati akasema, huku anaangalia barabara, "Jana ndugu yangu alikuja na mke wake. Walikaa na nesi mpaka akachelewa chakula." Akakwepa shimo. "Wametoka pamoja. Wamerudi nyumbani pamoja. Sijui waliambiwa nini. Nimemwambia asiniambie." Ni hayo tu. Aliponishusha alitoka kunifungulia mlango, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Muda ukapita. Juzi nilikuwa napita na chai yangu, na kwenye benchi kulikuwa na akina mama wakingoja. Mmoja ana mtoto mgongoni, mnene, amelala mdomo wazi. Ombati alikuwa anashusha maboksi, akanigusa kiwiko na kumwonyesha kwa macho. Ndiye yule, mke wa ndugu yake. Nikasimama pale kama mjinga. Yule mama akaniona nimesimama na kikombe, akanigombeza mbele ya wote: "Nyinyi watu wa mashine mnakawia sana! Tangu asubuhi nimekaa hapa, mtoto ataamka atake kula, nyinyi mnakunywa chai. Hiyo kompyuta yenu inafanya nini huko ndani?"

Nikamwambia, "Pole, mama. Inafungua pole pole."

"Muitengeneze!"

Wenzake wakacheka. Nesi akatokeza mlangoni akamwita kwa namba yake, si kwa jina, naye akaingia huku anasonya. Alikuwa na sauti kubwa, Mzee. Alikuwa na kitenge kipya. Hakuwa na habari na mimi wala na wewe. Nilirudi mezani kwangu, nikafunga mlango, nikacheka na kulia pamoja mpaka Kerubo akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Sijui kilichomo katika folda ya yule mama. Sitajua. Ninachojua ni kwamba yuko nyumbani kwake, anagombeza watu.

Ya nyumbani kwako sasa. Nilesh alitaka kuuza duka na kumchukua mama yake Nairobi. Mama Nilesh amekataa. Amesema amezaa Kisii, amefiwa na wazazi Kisii, ataenda kufanya nini Nairobi, kuangalia ukuta? Jumamosi nakaa kaunta naye. Taipureta za dukani tumewarudishia wenyewe, isipokuwa ile ya kijani ambayo hakuna aliyekuja kuidai, na Mama Nilesh ameanza kujifunza kupiga chapa juu yake kwa kidole kimoja. Ananiambia mambo yako ya ujanani. Sikujua kwamba uliwahi kucheza kandanda na vijana wa Suneka na ukavunjika jino. Ulinificha mambo mengi, wewe.

Daktari ameniomba nikafungue ofisi nyingine ya mradi, upande wa Suneka hiyo hiyo. Akina mama wapya, folda mpya. Wameleta kompyuta yenye nguvu kidogo, lakini programu ni ile ile. Ameniuliza itachukua muda gani. Nimemwambia sijui bado, mpaka nijue nani ameolewa wapi. Amecheka, akaandika kwamba nipewe muda wote nitakaotaka.

Nakuahidi mawili, Mzee. Mama Nilesh hatakula peke yake Jumamosi maadamu mimi niko Kisii. Na huko Suneka hakuna mama atakayeingizwa katika ile mashine kabla sijajua ni nani atakayemwona, hata wakisimama nyuma ya kiti changu wakigonga saa zao kwa vidole. Nikikosea kama ulivyokosea, nitasimama niseme.

Karatasi inaisha na Mama Nilesh ananiita nikale. Ulikuwa unaongea Ekegusii vizuri kuliko watoto wengi wa pale mjini, lakini mimi nilikuwa naona haya kukusemesha kwa lugha ya nyumbani, kana kwamba ningekuwa nakuomba kitu kikubwa. Leo sioni haya. Genda buya, tata. Nenda salama, baba.

Mtoto wako,
Bosibori